Mhesabu Madawati wa Dawati la Nyuma

Saa moja na robo asubuhi, pikipiki kuukuu ya ofisi inazimika yenyewe langoni mwa shule kabla mwenyewe hajaizima. Mwanamke anayeshuka amevaa kofia ngumu iliyopasuka upande mmoja na koti la mvua, na begani ananing'iniza mfuko wa ngozi uliofungwa kwa kamba ya kiatu. Watoto waliokuwa wakifagia uwanja wanatupa fagio na kupiga kelele: "Mama Jedwali! Mama Jedwali kaja!"

Mwalimu mkuu anatoka mbio ofisini, mkono mmoja bado unatafuta njia kwenye koti. Hakuambiwa kwamba leo kuna mgeni. Siku hizi haambiwi mtu.

"Karibu mama, karibu sana. Ofisini kuna kiti kizuri," anasema, akihema.

"Ahsante, mwalimu. Kiti changu nakijua kilipo."

Anapita moja kwa moja hadi darasa la mwisho, safu ya nyuma kabisa, karibu na dirisha lisilo na kioo. Anajipenyeza kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi. Magoti yanagonga mbao. Anatulia kidogo, anatazama mbele, anatazama juu kwenye paa. Ndipo anapofungua mfuko na kutoa fomu, karatasi mbili za kaboni na kalamu.

"Kabla sijahesabu, nakaa," anaeleza. "Mtu akihesabu madawati kasimama mlangoni, anahesabu mbao tu. Ukikaa ndiyo unajua kama msumari unachoma, kama mvua inaingia, kama mwalimu anasikika. Magoti yangu ndiyo yanayojaza fomu. Mimi naandika tu."

Mama Jedwali, jina alilopewa na watoto na ambalo sasa hata mumewe analitumia akitaka kumchokoza, ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Ni mama wa watoto watatu na karani wa takwimu wa mkataba katika ofisi ya elimu ya wilaya. Kazi yake ni kulinganisha shule za msingi za umma za wilaya nzima, zote thelathini na nane, kuanzia ile iliyo kando ya lami hadi ile ambayo pikipiki huachwa chini na mlima ukapandwa kwa miguu.

Anahesabu madawati, walimu, vitabu, vyumba vyenye paa na matundu ya vyoo. Anahesabu hata hatua kutoka darasani hadi kwenye maji, kwa kuzitembea mwenyewe, ndoo mkononi. Kila kitu kina alama zake. Alama zikijumlishwa, shule zinapangwa kwenye jedwali, kutoka ya kwanza hadi ya thelathini na nane.

Fomu hujazwa nakala tatu: moja ya shule, moja ya ofisi, moja ya makao makuu. Ofisi ina kompyuta moja, nayo ina siku zake za kufanya kazi. Kwa hiyo kaboni bado ni mfalme, na anayeandikia kaboni lazima akandamize kalamu kwelikweli, la sivyo nakala ya tatu inatoka kama barua ya mzimu.

Mshahara wake? Anacheka. "Unafika tarehe ishirini ukiwa umechoka, lakini unafika. Sina la kulalamika. Mimi nilipotoka, kukaa tu kwenye dawati ilikuwa ndoto."

Hatanii. Safari yake hadi kwenye jedwali ilianza na ufagio.

Aliacha shule akiwa darasa la nne, mama yake alipougua. Akiwa na miaka kumi na tisa, tayari ana mtoto mchanga mgongoni, alichukua nafasi ya mama yake ya kufagia katika shule ndogo iliyo bondeni, madarasa sita na uwanja unaogeuka bwawa kila masika. Alifagia vyumba vyote, lakini darasa la sita alilifagia kuliko mengine. Alifagia nyuma, akarudia nyuma, akakwangua pembe, akafuta dirisha lisilo na kioo. Na somo la hesabu lilikuwa likiendelea.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye vumbi la chaki hadi kwenye nyusi. Wiki ya tatu aligeuka ubaoni, akamtazama.

"Wewe binti, hii sakafu ya darasa langu ina nini?"

"Hamna kitu, mwalimu. Nafagia tu."

"Ofisi yangu ina utando wa buibui wa tangu uhuru, lakini darasa la sita linang'aa kama sahani. Kwani huku kuna uchafu gani usioisha?"

Darasa zima likaangua kicheko. Yeye alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu alinyoosha kidole kwenye dawati la nyuma, lililokuwa na mtoto mmoja tu.

"Weka ufagio. Kaa."

"Mwalimu, nina mtoto."

"Naona. Naye akae."

Alikaa pale miaka miwili, mtoto akilala kwenye kanga chini ya dawati. Alifagia alfajiri, akasoma mchana. Alifanya mtihani pamoja na watoto waliokuwa wakimwita "shangazi", akafaulu. Baadaye likaja darasa la jioni la sekondari, kisha cheti cha takwimu. Mtoto aliyelala chini ya dawati leo ni nesi.

"Watu wananiuliza, nani alikusaidia?" anasema, na sauti inamlegea. "Nawaambia ni neno moja. Kaa. Mtu aliniambia kaa. Kila nikikaa nyuma ya darasa, namshukuru yule mzee kabla sijaandika chochote."

Mzee mwenyewe bado yuko bondeni. Ni mwalimu mkuu wa shule ileile kwa miaka kumi na moja sasa. Na ndiye aliyemtia Mama Jedwali katika mtihani mgumu kuliko ule wa darasa la saba.

Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kujua desturi moja ya walimu wakuu wa wilaya hii. Kila mwisho wa mwaka hukutana katika ukumbi wa ofisi ya elimu, na jedwali husomwa kwa sauti. Shule ya kwanza hupigiwa makofi. Mwalimu mkuu wa shule iliyoshika mkia husimama, na hubaki amesimama hadi jedwali limalizike kusomwa. Hakuna kanuni iliyoandikwa popote kwamba asimame. Ofisa mmoja wa zamani alianzisha kwa hasira zake, akahama, desturi ikabaki.

Hakuna aliyetaka kusimama. Na kwa kuwa ratiba ya ukaguzi ilitumwa wiki mbili kabla, shule moja baada ya nyingine ziligundua dawa.

Mwaka jana, Jumatatu, Mama Jedwali alikuwa katika shule ya barabarani, kubwa na yenye wafadhili wake. Alikaa safu ya nyuma kama kawaida. Madawati yalikuwa mapya, mbao laini, vanishi haijakauka vizuri kwa sababu ya mvua. Mkono ulikuwa ukinata. Akaandika: wanafunzi 774, walimu 17. Saba zake huzikata katikati kwa mstari mdogo, tabia aliyoipata kwa mwalimu wake wa hesabu. Akakandamiza kalamu kwa ajili ya nakala ya tatu, akaaga.

Jumatano ilikuwa zamu ya shule ya bondeni, kilomita sita kutoka pale. Aliingia na furaha yake yote. Alimwamkia mzee, akaitikiwa, akaulizwa habari za nesi. Kisha akaenda kukaa kwenye dawati lake la zamani.

Halikuwepo. Palikuwa na dawati jipya, zuri, linalonata. Madarasa yote sita yalikuwa na madawati mapya. Alihesabu, na jumla ikawa sitini na manne kwa wanafunzi mia mbili na kumi na wawili. Watatu watatu, na wachache wakibanana. Moyo wake ulijaa. Akajiambia, mzee wangu hatimaye amepata.

Akatandaza fomu, akaweka kaboni, akashika kalamu. Karatasi ikabonyea. Akaipangusa, akajaribu tena, ikabonyea palepale. Akaiinua kuona kuna nini.

Kwenye vanishi, kwa mwandiko wake mwenyewe, na saba mbili zilizokatwa katikati, palikuwa pameandikwa 774.

"Nilitoa macho," anakumbuka. "Kwanza nikadhani nimechanganyikiwa. Nikapitisha kidole. Ni yangu! Nikasema, jamani, mimi juzi nilikuwa hapa? Halafu nikaelewa. Si mimi niliyerudi kwenye dawati. Dawati ndilo lililonifuata."

Alibaki amekaa pale muda mrefu. Watoto waligeuka kumtazama, kisha wakamzoea. Mwishowe mzee alikuja mwenyewe, akainama kuangalia kilichomzuia.

"Mwalimu," Mama Jedwali alisema polepole, "hili dawati nimelikalia juzi."

Mzee alitoa miwani, akaitazama ile namba kwa karibu. Halafu, kwa sababu mwalimu ni mwalimu tu hata akiwa kwenye moto, akasema, "Saba umeziandika vizuri."

Hakuna aliyecheka.

Mzee alimtoa nje, wakasimama nyuma ya stoo. Humo ndani, kwa desturi za siku zote, husoma darasa la pili. Mzee alizungumza akitazama viatu vyake.

"Yameletwa asubuhi na trela la trekta. Hamsini na matano. Kesho yanarudi. Mwenzangu wa barabarani kaniazima, na mwaka juzi mimi nilimwazima vitabu. Tunabebana hivyo hivyo, mwanangu."

"Na ya kwenu ni mangapi?"

"Tisa."

"Tisa, mwalimu?"

"Tisa. Mawili yana miguu mitatu."

Kisha akasema lile lililokuwa likimkaa rohoni. "Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Miaka thelathini na sita nimeshika chaki. Sitaki watu wanikumbuke nimesimama ukumbini peke yangu kama mwizi wa kuku. Andika sitini na manne. Wewe uandike tu. Sijawahi kukuomba kitu."

Na kweli, hakuwahi.

Kulikuwa na kitu ambacho mzee hakukijua, na Mama Jedwali alikijua. Mwaka ule jedwali halikuwa la makofi. Ofisi ilikuwa imepata fedha za kujenga vyumba viwili na kununua madawati sabini kwa shule moja tu: ile itakayoshika mkia. Aliagizwa asimwambie mtu, kwa hofu kwamba shule zote thelathini na nane zingeficha madawati yao vichakani ili zionekane maskini.

Akiandika sitini na manne, mzee angekaa kwenye kiti chake ukumbini, na darasa la pili lingebaki stoo. Akiandika tisa, mzee angesimama, na angeamini kwamba aliyemsimamisha ni yule binti wa ufagio. Kumweleza sababu asingeweza, kwa kuwa alikuwa amekula kiapo cha ofisi.

"Nilijaza fomu yote," anasema. "Walimu wanne, sawa. Vyoo, sawa. Hatua za kwenda majini, mia sita na kumi, nilizitembea nikilia. Nilipofika kwenye madawati nikaacha wazi. Miaka minne sijawahi kuacha kisanduku wazi. Nikaagana na mzee, hakunitazama."

Nyumbani jioni, mumewe, fundi cherehani asiyependa maneno mengi, aliona chakula kinapoa mbele yake.

"Leo jedwali limekataa kujumlishika?"

Akamsimulia habari ya madawati. Fundi alikata uzi kwa meno, akafikiri.

"Na wewe unaogopa nini? Kumuudhi mzee, au kumwambia bosi wako kwamba madawati yamekuwa yakikupiga chenga miaka minne?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na bosi. Huyo hakukufundisha saba."

Lilikuwa jambo la kutisha kweli. Kama madawati ya barabarani yalitembea hadi bondeni, ni mangapi mengine yaliyokuwa yakitembea? Jedwali lake lilisifiwa kila mwaka. Mkataba wake ulikuwa unaisha baada ya miezi mitatu. Kwenda kusema kwamba hesabu zote ni za kutilia shaka ni sawa na kujiandikia barua ya kufukuzwa, tena nakala tatu.

Alhamisi asubuhi alipiga moyo konde, akabisha hodi kwa ofisa elimu, mama mnene mpole aliyewahi kuwa mwalimu mkuu kabla ya kupanda cheo. Aliweka fomu mezani, akaonyesha kisanduku kilicho wazi, akaeleza mwanzo hadi mwisho. Hakumtaja mzee kwa ubaya. Alisema, "Kosa ni langu, mama. Nilihesabu bila kujua ninachohesabu. Kama ni mkataba, nitaelewa."

Ofisa alizungusha kalamu vidoleni. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Mama Jedwali akadhani analia.

Alikuwa anacheka.

"Madawati tu?" alisema, akijifuta machozi. "Mwenzangu, mimi nilipokuwa mwalimu mkuu niliazima mpaka wanafunzi! Mkaguzi akasema darasa la kwanza ni dogo mno, litafungwa. Siku ya ukaguzi nikaletewa watoto kumi na wanane wa shule jirani, na sare tumewavalisha. Mmoja akaulizwa jina la mwalimu wake mkuu, akamtaja wa kwao. Nilikaribia kuzimia."

Alipotulia, uso ukarudi kuwa wa kazi. "Tumewafundisha wenyewe. Ukimsimamisha mtu mbele za watu kwa sababu ni maskini, ataazima utajiri. Rudi ukahesabu upya. Zote thelathini na nane, na ratiba usimpe mtu. Mimi nitakuongezea mafuta."

"Na mkataba wangu, mama?"

"Karani anayeniletea kosa lake mwenyewe mkononi, nimpeleke wapi?"

Mama Jedwali anasema alitoka ofisini, akakaa kwenye ngazi, akamshukuru Mungu kwa sauti hadi mlinzi akamletea maji.

Kuhesabu upya kulichukua wiki saba. Alitokea shuleni bila taarifa, asubuhi na mapema, akiwa ametapakaa matope. Katika shule moja alikuta walimu wakinywa chai wamekaa kwenye madawati matatu ya kukopa ambayo hawajui tena ni ya nani. Kwingine mwalimu mkuu alimfungia mlango, akamfungulia, akaomba radhi, wakahesabu pamoja. Jumla ya wilaya ilipungua kwa madawati mia nne na kumi na mawili. Yalikufa yote bila msiba, kwa kuwa hayakuwahi kuishi.

Si wote waliofurahi. Mwalimu mkuu wa barabarani, aliyepoteza alama kwa kuonekana amegawa madawati ya serikali, hadi leo humwitikia salamu kwa shingo upande. Na shule ya thelathini na saba, yenye madawati kumi na moja, ilikosa kila kitu kwa tofauti ya mawili. Mama Jedwali akiitaja hiyo, hacheki. "Ile inaniuma. Jedwali lina mstari, na chini ya mstari kuna nafasi ya mmoja tu. Lakini angalau sasa najua iko pale. Zamani ilikuwa ya kumi na tisa."

Bondeni aliiacha hadi mwisho. Alikuta madarasa yakiwa jinsi yalivyo: watoto chini, wengine juu ya matofali, madawati tisa yamegawiwa darasa la sita na la saba la mtihani. Dawati lake la zamani lilikuwa miongoni mwa yale ya miguu mitatu, limewekewa jiwe. Akalikalia, likayumba. Akaandika tisa.

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. "Umeandika?"

"Nimeandika, mwalimu."

"Basi sawa," alisema. "Ulifundishwa kuhesabu, hukufundishwa kudanganya. Ningekasirika zaidi kama ungeandika vingine." Akaondoka taratibu kwenda kugonga kengele, na Mama Jedwali akabaki ameinamia fomu ili watoto wasimwone uso.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Ofisa alisimama na jedwali, akasema mwaka huu ataanza kusoma kutoka chini. Kabla hajatamka neno, kiti kilikwaruza sakafuni. Mzee alikuwa ameshasimama, koti limefungwa vifungo vyote, mikono ubavuni, chaki kwenye nyusi.

"Mwalimu, kaa," ofisa alimwambia.

"Nangoja lisomwe, mama."

"Limeshasomeka. Nakuomba ukae. Kuanzia leo hasimami mtu humu ndani." Kisha akaeleza vyumba viwili, madawati sabini, na shule inayovipata.

Wanaosimulia tukio hilo hawakubaliani kuhusu kilichofuata. Wengine wanasema mzee alikaa palepale. Wengine wanasema hadi alipoombwa tena. Wote wanakubali kwamba aligeuka, akatafuta kwa macho hadi nyuma ya ukumbi, safu ya mwisho, alipokuwa amekaa karani na faili zake. Aliinua mkono mmoja, kama mwalimu anayempa mtu ruhusa ya kuongea.

"Nilishindwa," anasema Mama Jedwali. "Nililia mpaka jedwali likalowa. Nakala ya makao makuu ikabidi niichape upya."

Leo, miezi minane baadaye, kuta za vyumba viwili zimefika usawa wa kupauliwa. Mafundi wanasema mabati yakifika kwa wakati, darasa la pili litahama stoo kabla ya masika. Mkataba wa Mama Jedwali umeongezwa mwaka mmoja tu, si miwili kama alivyotarajia, lakini ameomba nafasi ya kusomea stashahada ya takwimu kwa njia ya posta. Bosi wake ndiye aliyemwandikia barua ya kumpendekeza.

Saa tano asubuhi, anamaliza shule aliyoanza nayo siku, anasaini na kuwaaga watoto. Kuna sehemu moja zaidi ya kupita. Pikipiki inawaka kwa teke la tano, na njia inashuka kuelekea bondeni.

Madawati ishirini ya kwanza yamefika jana. Mzee, ambaye anastaafu Ijumaa ijayo, amesimama veranda akiwa kama mwenye harusi. Amevaa tai.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa. Tumekungoja tangu kengele ya kwanza."

Watoto wa darasa la sita wamekaa kimya kisicho cha kawaida, mikono imekunjwa juu ya mbao mpya, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kuchafua. Safu ya nyuma, karibu na dirisha, dawati moja limeachwa tupu. Mama Jedwali anajipenyeza. Magoti yanagonga. Anapitisha kiganja juu ya vanishi: laini, safi, haina namba ya mtu. Anafungua mfuko, anatoa fomu, anapanga kaboni, anashika kalamu.

"Subiri, subiri!" Mzee anakuja mbio kutoka ubaoni, kitu ambacho darasa halijawahi kuona. Mkononi ana gazeti la wiki iliyopita. Analikunja mara mbili, analilaza juu ya dawati, analinyoosha pembe kwa uangalifu, kisha anaweka fomu juu yake.

"Andikia hapa," anasema. "Wewe una mkono mzito, na haya ni ya kwetu."

Mama Jedwali anatazama gazeti, anamtazama mzee. Kisha anacheka, na darasa zima linacheka naye, hata wasiojua sababu.

Akiulizwa baadaye anataka nini mbele ya safari, baada ya stashahada, hafikirii sana. Anafunga mfuko wake kwa ile kamba ya kiatu.

"Shule ni thelathini na nane," anasema. "Nataka siku moja nizunguke zote, na kila nikikaa nyuma ya darasa, mwalimu mkuu aje mbio kuniwekea gazeti."